Kimya cha Mteja Si Ridhaa

(Maneno haya niliyasema Unguja mbele ya wenye hoteli ndogo, nyumba za wageni na waongoza watalii. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, nikaacha mizaha michache ambayo bila sauti haichekeshi.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu na kaka zangu, assalaamu alaykum. Na nyinyi mliovuka kutoka Bara asubuhi hii, mkiwa bado mnayumba kama vile boti haijafunga gati, poleni na karibuni.

Nimeombwa niseme jinsi mteja anavyoitikia barua pepe ya matangazo. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Njoo utufundishe barua ambayo mgeni akiisoma tu anaweka nafasi." Nikamjibu kwamba barua hiyo kama ingekuwepo ningekuwa nimeshaiandika, na leo ningekuwa na hoteli yangu, nimekaa huko mnakokaa nyinyi, ninamsikiliza mwingine akihangaika na kipaza sauti hiki.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilikaa mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Masika yakakaribia, vyumba vikaanza kulala vitupu, tajiri akaniambia niwaandikie wageni wote waliowahi kulala kwetu, niwape habari kwamba bei imeshuka. Nilikesha nikinakili anwani kutoka daftari la wageni, na mnajua hati za wageni zilivyo: hujui kama hii ni "u" au ni "n" iliyochoka. Nikazipanga zote kwenye mstari wa mpokeaji, moja baada ya nyingine, nikatuma, nikaenda kulala na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Kwamba kuna mstari mwingine wa kuwaficha wapokeaji wasionane, sikuwa na habari.

Asubuhi nikakuta majibu tele. Nikaita tajiri. Kumbe jibu la kwanza lilikuwa la bibi mmoja wa Kijerumani, maneno machache tu: mnitoe humu. Lakini alijibu kwa wote. Mtu wa pili akamwambia bibi yule asijibu kwa wote, na yeye akajibu kwa wote. Wa tatu akawakemea wawili hao. Kufika adhuhuri watu wasiojuana walikuwa wanagombana ndani ya barua yetu, na katikati ya ugomvi Mholanzi mmoja na Mwingereza mmoja wakagundua kwamba walilala kwetu wiki ile ile, wakaanza kuulizana hali za watoto. Tajiri akasoma yote, akavua miwani, akaniuliza, "Na wangapi wameweka nafasi?" Hakuna hata mmoja.

Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha mstari wa wapokeaji. Siku hizi kinanisumbua kwa jambo jingine. Siku ile niliyahesabu majibu ya wenye hasira, nikawahesabu na wale wawili waliofufua urafiki, lakini wageni wengi kabisa waliopata barua yangu hawakusema neno. Hao sikuwahesabu. Na nitakalosema leo, hata nikizunguka vipi, ni habari zao.

Sisi watu wa pwani tuna adabu ya hodi. Unabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Husimami barazani ukasema "taa ninaiona inawaka, basi wamo." Wanaweza kuwa wamo, na hawataki mgeni, na ni haki yao. Barua ya matangazo ni hodi. Mwenye nyumba anaweza kusema karibu, yaani akabonyeza kiungo kilichomo, akauliza bei, akaja. Anaweza kusema leo sina haja, yaani akajitoa kwenye orodha, na huyo mshukuruni kwa sababu amewajibu. Anaweza kukutolea mbwa. Lakini aghalabu hanyanyuki hata kitini. Majirani zetu Wakenya wana mzaha wao: simu ya mtu ikizimwa wanasema "ni mteja", kwa ile sauti ya bibi wa mtandao anayesema mteja hapatikani. Nadhani hakuna aliyeieleza kazi yetu vizuri zaidi ya bibi yule.

Hodi ya biashara inayohesabiwa kuwa ya kwanza kubishwa kwa kompyuta ilibishwa Marekani tarehe 3 Mei 1978. Intaneti tunayoijua haikuwepo. Palikuwa na mtandao wa ARPANET, wa wizara ya ulinzi, wenye watumiaji wachache kiasi kwamba majina yao yalichapwa kwenye kitabu kama kitabu cha simu. Bwana mmoja, Gary Thuerk, alikuwa muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation. Kampuni yao ilifahamika mashariki mwa Marekani, magharibi haikufahamika sana. Wakati huo walikuwa na mashine mpya za DECSYSTEM-20 na walitaka kuzionyesha Los Angeles na San Mateo. Thuerk akaona kumwandikia kila mtu peke yake ni taabu. Akawaandikia watu wapatao 400 kwa pamoja, na anwani zikachapwa kwa mkono kutoka kwenye kitabu kile. Zilikuwa nyingi mno, mstari wa wapokeaji ukajaa, anwani zilizobaki zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Niliposoma habari hii nilijisikia nafuu kidogo. Wa kwanza naye alifanya uchafu kama wangu.

Lakini angalieni walivyoitikia. Wengine walikasirika, na hasira ikapanda ngazi: waliosimamia mtandao wakalalamika, na kampuni ikaambiwa jambo lile lisirudiwe. Wengine wakaenda kuziona mashine, na wakanunua. Mwenyewe Thuerk amekuwa akisema kwamba barua ile iliuza mashine za dola milioni 13 au 14. Mara moja, barua moja, watu wale wale, tusi na fedha vikaja kwa mlango mmoja. Ndiyo maana hadi leo ukimwambia mfanyabiashara kwamba barua zake zinaudhi watu, hakusikii. Fedha ina risiti. Hasira haina.

Na lazima niseme haki yake. Mashine zile zilikuwa na uwezo wa kuungana na ARPANET, na waliopelekewa barua walikuwa watumiaji wa ARPANET. Hakuwa mtu anayemuuzia nyama asiyekula nyama. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini methali ile ilitungwa mahali ambapo mnunuzi anapita mbele ya kibanda chako kila asubuhi. Mgeni wako yuko Leeds au Lyon, kibanda chako hakioni. Bila kujitembeza kidogo utakufa na kizuri chako. Suala ni mara ngapi, na kwa nani.

Sasa nije kwenye uongo ambao wengi wetu tunaupenda, nao ni ile namba ya "waliofungua". Mtaalamu anakuletea ripoti: barua yako imefunguliwa na nusu ya wageni. Unafurahi, unamlipa. Namba ile inapatikana hivi. Ndani ya barua huwekwa picha ndogo, ya nukta moja, haionekani kwa macho, na kila mgeni ana ya kwake. Barua ikifunguliwa, simu ya mgeni huenda kuichukua picha hiyo kwenye mtambo wa mtumaji, na mtambo unaandika: fulani kafungua, saa fulani. Ni kama kumwaga unga kizingitini usiku ukaja kusoma nyayo asubuhi. Basi mwezi Septemba 2021 Apple walitoa iOS 15, mfumo mpya wa simu zao za iPhone, na ndani yake kinga kwa wanaosoma barua kwa programu ya Apple. Anayeikubali kinga hiyo, mitambo ya Apple yenyewe huzichukua picha zile mapema, mgeni awe amesoma au amelala fofofo. Nyayo kizingitini unaziona, lakini aliyekanyaga ni bawabu.

Na wageni wetu ni watu gani? Wazungu na Wamarekani wenye iPhone. Kwa hiyo nyinyi hapa mmedanganywa na namba hii kuliko muuza vitenge wa Kariakoo. Mtu anayeandikiwa "amefungua mara kumi" pengine hajakuona hata mara moja. Mimi siku hizi nahesabu aliyebonyeza, aliyejibu kwa mkono wake, na aliyekuja. Mengine nayasoma kama utabiri wa nyota gazetini.

Kuna mtu alikuwa ananiuliza nje, kabla hatujaingia, kama kichwa cha barua kweli kina uzito, au ni porojo za watu wa masoko. Kina uzito, na mfano wangu ni wa mtu ambaye baba yake ametoka Kogelo, kule Siaya. Mwaka 2012 Barack Obama alipogombea tena urais, kampeni yake ilichangisha mtandaoni kama dola milioni 690, na sehemu kubwa ilitokana na barua pepe. Najua kuomba mchango wa siasa si kuuza chumba, lakini mkono unaoingia mfukoni ni ule ule. Walikuwa na waandishi wengi na watu wa hesabu. Hawakuiamini barua yoyote mpaka waijaribu: wanaandika matoleo kadhaa, kila toleo wanalipeleka kwa kundi dogo, wanasubiri, kisha lililoshinda linapelekwa kwa mamilioni waliobaki.

Juni mwaka huo wakaandika barua moja kwa matoleo 18. Lililoshinda lilikuwa na kichwa ambacho kwa Kiswahili ningekifasiri "Watanizidi kwa fedha". Mgombea, rais aliyeko madarakani, anasema atashindwa kwa fedha! Barua ile ikaleta zaidi ya dola milioni 2.6. Toleo lililofanya vibaya kuliko yote, kwa hesabu zao, lingeleta kidogo zaidi ya dola 400,000. Rais yule yule, wafuasi wale wale, ombi lile lile.

Ila kinachonifurahisha mimi si fedha hizo. Waandishi wale walikuwa wakiwekeana dau, lipi litashinda, na wakawa wanashindwa karibu kila mara. Watu waliolipwa kwa kazi hiyo, wanaoandika usiku na mchana, hawakuweza kukisia. Barua walizozipamba zikashindwa na barua mbaya za sura, zenye maneno yaliyopakwa rangi ya njano ya kuumiza macho. Kichwa kimojawapo kilichofanya vizuri mno kilikuwa neno moja la salamu ya mtaani, kama sisi tunavyosema "Vipi". Na kila walipopata hila iliyofanya kazi, ilifanya kazi kwa muda, halafu watu wakaizoea, ikafa. Ile njano nayo ikafa.

Kwa hiyo mkinijia na barua tatu mkaniuliza ipi itashinda, nitawajibu kwa heshima zote kwamba sijui, na anayejua ni mgeni. Gaweni orodha, jaribuni. Mwenye wageni mia nane anaweza kufanya jaribio la namna hiyo hata kwa kalamu na daftari, ingawa majibu ya kundi dogo yanayumba na yasikupe kiburi.

Watu wale wa kampeni ya Obama waligundua na jambo la pili, na hili linatumiwa vibaya. Walipoongeza idadi ya barua, waliojitoa hawakuwa wengi kama walivyoogopa. Nimeona washauri wakilichukua neno hilo na kumwambia mwenye hoteli ya vyumba vinane atume kila siku. Jamani! Wale walikuwa wafuasi wa mtu wao, katika vita yenye tarehe ya mwisho, 6 Novemba 2012. Kila mtu alijua kwamba tarehe 7 kelele zitapungua. Mgeni wako alikaa siku nne Nungwi, akafurahi, akarudi kwake. Hajajiunga na chama.

Nikija kwenye punguzo, hapa nitakaa kidogo maana ndipo tunapoumizana. Kuna hoteli moja, nisiitaje na mwenyewe yumo humu ndani anainamisha kichwa, tuliituma barua ya masika kwa orodha nzima: punguzo kubwa, asilimia arobaini. Katika orodha nzima alikuwemo mama mmoja aliyelipa bei kamili siku tatu kabla, kwa tarehe zile zile. Hakutukana. Aliandika kwa adabu nzito ya watu wa Kaskazini, akauliza kama amekosea kuelewa. Tulimrudishia tofauti. Akaja, akakaa, akalipa, akaondoka, na maoni yake hadharani yalikuwa na sentensi moja kuhusu bahari na aya mbili kuhusu bei. Mgeni husahau jina la ufukwe, bei haisahau.

Tangu siku hiyo hakuna barua ya punguzo inayotoka mikononi mwangu bila kuwatoa kwanza waliokwisha kulipa. Ni kazi ya nusu saa. Watu wengi hawaifanyi.

Dhara jingine la punguzo linakuja polepole. Maduka ya J.C. Penney ya Marekani yaliwazoesha wateja kuponi na bei za kushuka miaka mingi. Mwaka 2011 akaletwa mkurugenzi mpya, Ron Johnson, aliyetoka Apple na sifa zake. Februari 2012 akaondoa utaratibu ule wa kuponi na mauzo ya kila mara, akaweka bei moja ya haki tangu asubuhi hadi jioni. Ungedhani wateja watashangilia, bei si imeshushwa moja kwa moja? Mauzo ya mwaka ule yalianguka kwa robo nzima, na Aprili 2013 bwana yule akatolewa. Wateja walikuwa wamefundishwa kwamba bei ya ubaoni ni ya wajinga na bei ya kweli inakuja kwenye kuponi. Kuponi isipokuja, wanangoja. Na sisi tunafanya hivyo hivyo kila mwezi wa tatu: tunamfundisha mgeni kwamba akituvumilia, tutashuka. Halafu tunashangaa kwamba barua isiyo na punguzo haipati jibu. Tumemlea wenyewe.

Sijasema msishushe bei masika. Mvua ni mvua, kila mtu anaijua, na bei ya msimu ina sababu inayoonekana angani. Ninachokataa ni ile "ofa ya mwisho, saa 24 tu" ambayo inarudi wiki ijayo na saa nyingine 24. Kwetu hapa nchini kila mwenye simu amewahi kupata ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mtu hana habari ya pesa yoyote, lakini anaharakishwa. Haraka imekuwa harufu ya utapeli, na hata Mzungu ana "ile pesa" yake kule kwao, kwa lugha yake.

Sheria nitaigusa haraka, maana kesho kuna mwanasheria. Marekani tangu 2004 sheria yao ya CAN-SPAM inamruhusu mtumaji abishe kwanza, mradi aweke anwani yake halisi, aonyeshe njia ya kujitoa, na amtoe aliyeomba ndani ya siku 10 za kazi. Ulaya wamegeuza: sheria yao ya data, GDPR, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inataka ridhaa iwe ya wazi. Na humo wameandika kabisa kwamba kunyamaza, au kisanduku kilichotiwa alama tayari, si ridhaa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kwetu bibi harusi akiulizwa na babake kama anamkubali fulani, akanyamaza, tunasema amekubali, kanyamaza kwa haya. Sasa wafanyabiashara wa dunia nzima walikuwa wanamfanya kila mteja bibi harusi. Kanyamaza? Kakubali, mpelekee nyingine.

Mtakumbuka, wengine wenu, barua zilizomiminika wiki ile ya Mei: kampuni moja baada ya nyingine ikiuliza, bado unatutaka? Nyingi zilitoka kwa watu ambao mgeni alikuwa hata hakumbuki kuwajua. Jibu walilopewa lilikuwa kimya. Safari hii, kimya kilihesabiwa kuwa hapana.

Na kimya kina mwisho wake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe siku hizi ni kitufe cha kuripoti taka. Mgeni aliyekunyamazia mwaka mzima, siku moja amegombana na bosi wake, basi limechelewa, anafungua simu anakuta barua yako ya tisa. Kutafuta maandishi madogo ya kujitoa ni kazi. Kitufe cha taka kiko juu, kinang'aa. Anabonyeza. Yeye ameondoa barua moja, lakini wewe umeandikiwa kosa kwenye daftari la Google. Kwenye masharti ya Gmail yaliyoanza Februari 2024, malalamiko yanatakiwa yasifike asilimia 0.3. Fanyeni hesabu: watatu katika elfu. Wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wanalazimika kuweka njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na mdogo naye anatakiwa athibitishe kwamba barua inatoka kwake kweli. Ukivuka mpaka, barua zako zinaanza kuangukia kwenye taka hata kwa wale wanaokupenda. Hata uthibitisho wa chumba unaweza kwenda huko. Nimewahi kuona mgeni anatua uwanja wa ndege usiku, hana habari ya dereva, kwa sababu barua ya dereva ililala kwenye taka siku tano.

Ndiyo sababu mimi nawapenda wanaojitoa, na ninawaomba msikifiche kiungo cha kujitoa chini ya barua kwa herufi za mchwa. Wekeni juu. Anayetaka kutoka mfungulieni mlango, asivunje dirisha.

Kabla sijasahau, nusu ya anwani mlizonazo si za wageni. Mgeni aliyeweka nafasi kupitia Booking.com anakufikia na anwani ya barakoa, imetengenezwa na mtandao ule wenyewe ili kupitisha habari za safari yake. Mkiandikia matangazo barakoa hizo mnavunja masharti yao na mnaongea na ukuta. Najua mnaitaka barua pepe ili muepuke kamisheni, na mimi nawaunga mkono, kamisheni inauma. Basi mwombeni mgeni anwani yake mwenyewe, uso kwa uso, siku anayoondoka, akiwa na mchanga miguuni na roho nyeupe. Anayeandika kwa mkono wake siku ile atakukumbuka.

Nimalizie na mti wa mkungu. Hoteli moja ya pwani ya mashariki ilikuwa na mkungu mkubwa mbele, wageni wote walikaa chini yake. Upepo mmoja wa kusi ukauangusha. Hatukuwa na ofa mwezi ule, wala chumba cha kutangaza, nikaandika mistari sita: mkungu umeanguka, hakuna aliyeumia, fundi amechukua gogo anatengeneza benchi. Nikaweka picha ya shimo. Majibu yalikuja kwa wiki mbili. Watu walituma picha zao chini ya mti ule. Mmoja alituma picha ya mumewe ambaye amekwisha kufa, amelala na kitabu usoni, kivuli cha majani kiko juu yake. Tajiri akaniuliza swali lile lile la miaka yote, wangapi wameweka nafasi? Nikamwambia, wiki hii, hakuna. Akanung'unika. Wawili kati ya waliojibu walikuja msimu uliofuata, na siwezi kuapa kwamba walifuata mkungu. Lakini orodha ya waliojibu tuliihifadhi peke yake, na mpaka leo ndiyo ninayoiandikia kwanza. Wale ambao hawakufungua mdomo kwa mkungu, wala kwa masika mbili, wala kwa barua ya mwisho ya kuwauliza kama wanataka tuendelee, niliwafuta. Hodi tatu.

Naona mzee wangu wa Jambiani ameinua mkono tangu niliposema habari ya kufuta. Swali lake ninalijua, tulilianza jana kwenye kahawa. Ana majina mengi, ameyakusanya tangu enzi za kadi za posta, na alitaka kujua wangapi watabaki. Tuliyapitia pamoja kwenye simu yake, jina kwa jina, yeye akisema "huyu alileta mvinyo", "huyu alichomwa na miiba ya urchini wa baharini". Waliobaki waliingia kwenye upande mmoja wa karatasi. Akaitazama karatasi, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akaagiza kahawa nyingine.

Mpeni kipaza sauti.